MASTAA WA 'TANGAWIZI INATOSHA', MOYO SIO SEHEMU YA KUTAFUTIA KIKI

Kuna staa mmoja wa kike hapa mjini, jina kapuni, juzi kaingia laivu na chupa yake ya kitunguu saumu, tangawizi na limao. Akawaambia wafuasi waachane na dawa za kuzuia damu kuganda kwa sababu eti "ni sumu ya panya". Mwigizaji mmoja, naye jina kapuni, akagonga muhuri: mjomba wake alichomwa sindano za moyo akatokwa damu puani, kwa hiyo hospitali zinaua. Bei ya chupa ikafuata hapo hapo.

Kibaya zaidi, nusu ya maneno yao ni kweli. Wafarini ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948 kama sumu ya panya, ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954. Mwaka 1955 Rais Eisenhower alipata shambulio la moyo akapewa dawa hiyo hiyo, na mwaka 1956 akagombea tena na kushinda. Staa hiyo sehemu kairuka.

Tofauti ya sumu na dawa ni kipimo. Anayemeza wafarini hupimwa damu, kipimo kinaitwa INR, na wengi hutakiwa wawe kati ya 2 na 3. Ikishuka, damu inaganda. Ikipanda, mtu anavuja. Haya, chupa ya dada ina kipimo gani? Nani kaipima? Kitunguu saumu kingi juu ya wafarini kinaweza kuongeza hatari ya kuvuja, na hilo hakulisema.

Tena kachanganya mafaili. Kwenye shambulio la moyo, donge la damu linaziba mshipa unaolisha moyo na misuli inaanza kufa. Dharura hiyo haisubiri wafarini, maana inachukua siku kadhaa kufanya kazi. Hapo kuna aspirini, inayozuia chembe za damu kushikana, na sindano kama heparini, zinazozuia donge lisikue. Utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 17,000, ulionyesha aspirini ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 ndani ya wiki 5.

Na kuvuja damu je? Kupo, na madaktari ndio waliokuhesabu. Mwaka 2006 utafiti wa OASIS-5 ulilinganisha sindano mbili kwa wagonjwa zaidi ya 20,000. Ndani ya siku 9, ulinzi wa moyo ulikuwa karibu sawa, lakini waliovuja damu vibaya walikuwa asilimia 4.1 kwa enoksaparini na 2.2 kwa fondaparinuksi. Hata hiyo iliyoshinda ilikutwa na kasoro: wanaopitishiwa mrija kwenye mishipa ya moyo lazima waongezewe heparini, la sivyo damu inaweza kuganda kwenye mrija. Dawa inashitakiwa, inahukumiwa, inarekebishwa. Chupa ya laivu inahesabiwa likes tu.

Ni kweli hospitali nako kuna tatizo. Foleni ndefu, mgonjwa anapewa vidonge bila maelezo, na kwenye ukimya huo ndipo staa anapopata soko. Ila dawa ya ukimya ni kuuliza: dawa hii ya nini, nipime lini, nisichanganye na nini, nikivuja damu niende wapi?

Maana yupo msichana huko Mbagala mwenye vali ya bandia ya chuma kwenye moyo. Akiacha wafarini kwa sababu ya laivu, donge linaweza kukwamisha vali au kupanda ubongoni. Staa akiugua atapanda ndege kwenda kutibiwa, na huko atachomwa sindano zile zile anazozitukana.

Wadau, mastaa wanaouza dawa za moyo laivu waachwe tu? Funguka kwenye komenti.