Formalini Isiingie Chumba cha Picha

Ndugu wasomaji, nanyi kaka zetu mliomaliza masomo hapa, harufu ya formalini mwaijua. Ndiyo ituchomayo pua siku ya kupasua chura katika maabara. Sasa wapo wenzetu katika chama cha wapiga picha wanaotaka chupa ile ile ihamishwe, itumike kuchapa picha kwa njia ya zamani ya gundi na rangi. Mimi nasema isihamishwe.

Sababu yao naielewa. Picha za namna hii huchapwa juu ya karatasi iliyopakwa jelatini, ili rangi isizame katika nyuzi za karatasi na kuacha madoa. Lakini jelatini huyeyuka katika maji ya moto, na picha moja huoshwa mara nyingi, rangi baada ya rangi. Basi hapana budi jelatini ikazwe kwanza kwa dawa. Formalini huikaza upesi, tena barabara, hilo silikatai.

Lakini formalini ni nini? Ni maji yaliyotiwa hewa ya formaldehidi, kadiri ya sehemu 37 katika 100, na hewa hiyo hutoka tena kila kifuniko kifunguliwapo. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka katika kundi la vitu vijulikanavyo kuwa huleta saratani kwa wanadamu. Mwaka 2018 watu wa Kampala walipiga kelele, tena kwa haki, waliposikia kuwa baadhi ya wauza nyama walishukiwa kuipaka nyama dawa hiyo. Ikiwa twaikataa katika nyama, mbona tuivute mapafuni ndani ya chumba kisicho na dirisha, huku karatasi ishirini zimetundikwa juu ya vichwa vyetu zikauke? Katika maabara angalau madirisha hufunguliwa, na mwalimu yupo.

Wengine wanapendekeza glioksali. Ni afadhali, maana haitoi mvuke mwingi. Lakini huwasha ngozi, na karatasi isiposuuzwa vizuri hugeuka manjano.

Mimi nachagua shabu, ile ile itumikayo kusafisha maji ya matope. Haina mvuke wala harufu. Ubaya wake naujua: haikazi kama formalini, kwa hiyo picha ioshwe kwa maji baridi tu; tena ina asidi, na karatasi yaweza kuchakaa baada ya miaka mingi. Hasara hiyo naikubali. Picha zetu za mashindano ya mpira si hati za serikali!

Wala tusijidanganye kwamba hatari imekwisha. Bikromati, ile dawa ya rangi ya chungwa inayoifanya gundi ikaze juani, nayo ni sumu iletayo saratani. Kwa hiyo wadogo zetu wa darasa la kwanza waanze na picha za buluu za chumvi ya chuma, alizozivumbua John Herschel mwaka 1842, zisizohitaji jelatini wala bikromati. Wakubwa wanaotaka gundi wavae glavu na kufanya kazi mlango ukiwa wazi. Fedha za chama zinunue shabu na glavu, na chupa ya formalini ibaki na chura wake.