Picha ya Ujumbe Haitoshi Kumhukumu Mtu

Katika kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) maneno ya watu wawili yalipopingana, iliangaliwa kanzu: imechanika mbele au nyuma? Ilipoonekana imechanika nyuma, msema kweli alijulikana. Mpelelezi wa leo hufanya kazi ya namna hiyo, na mara nyingi kanzu yake ni simu.

Hapa Chanika, Handeni, kama kwingineko nchini, picha ya ujumbe ikiingia katika kundi la familia, haipiti saa moja mke ameshatuhumiwa, au kijana ameshaitwa mwizi wa fedha za kikoba. Hatuulizi kanzu imechanika upande gani.

Sheria huuliza. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama ipime jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyotumwa, na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. Kwa sababu hiyo mtaalamu huanza kwa kunakili kumbukumbu za simu, kisha kompyuta huikokotolea nakala hiyo tarakimu yake maalumu. Ikibadilishwa herufi moja tu, tarakimu nayo hubadilika, na uchakachuaji hudhihirika. Hata ujumbe uliofutwa huweza kurejeshwa, kwani mara nyingine maandishi hubaki ndani ya simu mpaka yafunikwe na mengine. Picha ya kioo cha simu haina kinga hiyo. Jina na saa vyote huweza kughushiwa.

Basi tunawanasihi wazazi. Anayetishwa au kutapeliwa kwa simu asifute ujumbe, hata kama unamtia aibu. Aandike namba, tarehe na saa, asiusambaze, na aipeleke simu yenyewe polisi. Naye anayeletewa picha inayomchafua mwenzake auzuie ulimi wake, aulize: simu yenye ujumbe huo iko wapi, na nani ameuona humo?

Tukumbuke pia kwamba kompyuta ina mpaka wake. Inaweza kuonyesha kuwa ujumbe ulitoka katika simu fulani. Haionyeshi daima ni mkono wa nani ulioishika saa ile. Hapo bado panahitajika mashahidi waadilifu na wazee wenye subira.

Ujumbe uliofutwa huenda ukarejeshwa. Jina la mtu lililochafuliwa mtaa mzima ni vigumu kulisafisha. Mwenyezi Mungu atuepushe na dhulma.