Kwata na Vijana Wakosaji



Katika mabaraza ya kahawa hapa Tanga hamkosi mtu asemaye kwamba kijana akiiba, au akishika panga njiani, apelekwe Maramba au Mgambo kwa Jeshi la Kujenga Taifa, akapigishwe kwata mpaka akili imrudie. Wasemao hivyo si watu wabaya, wamechoka kuibiwa. Lakini shauri lao silikubali.

Kambi zile si mahali pa adhabu. Jeshi hilo liliundwa mwaka 1963 kwa kujenga nchi, na tangu 2013 wamalizao kidato cha sita wameitwa tena humo kwa sheria. Mzazi gani atafurahi bintiye aitwe mahali ambapo mwivi amepelekwa na hakimu?

Tena jambo lenyewe limekwisha kujaribiwa. Marekani walianza kambi za namna hii mwaka 1983, katika majimbo ya Georgia na Oklahoma. Wataalamu walipowafuata vijana waliotoka humo, waliona kwamba kwa jumla warudiao makosa hawakupungua kuliko wale wa vifungo vya kawaida. Florida ilifunga kambi zake mwaka 2006, baada ya mtoto wa miaka 14 kufa, siku moja baada ya kupigwa na walinzi.

Sababu si ngumu kuiona. Kwata humfundisha mtu kutii amri ya aliye mbele yake. Arudipo mtaani, wenye kumwamuru ni njaa na rafiki wa zamani, naye sasa ana mbio na kifua kipana!

Sheria ya Mtoto ya 2009 yakataza kumfunga gerezani aliye chini ya miaka 18, nayo yaruhusu apelekwe shule ya maadilisho. Lakini shule hiyo ya Irambo, ambayo kwa miaka mingi imekuwa moja tu nchi nzima, iko Mbeya. Mama wa Pangani auzaye maandazi atapata wapi nauli ya kwenda kumtazama mwanawe, safari ipitayo kilometa 900?

Fedha ya kununua mabuti na iwape maafisa wa ustawi wa jamii pikipiki na mafuta, wapate kumfikia kijana kwao, kumweka kwa fundi seremala au kwa nahodha wa mashua, na kumwangalia mwaka mzima. Nasi tukaao katika vikao vya wilaya tulinene hili kabla bajeti haijaandikwa.