Basari Ifike Hata kwa Aliyeacha Chuo

Juzi hapa Kericho radi ilipiga, stima ikapotea. Iliporudi, ruta kuukuu ya Cisco ninayofanyia mazoezi ilikuwa imesahau kila kitu. Sikuwa nimehifadhi mipangilio. Kosa langu, somo la bure. Lakini mtihani wenyewe wa CCNA si bure: ni dola 300, na cheti hudumu miaka 3 tu.

Mei 2023 mashine za kuchuma majani chai zilichomwa huku kwetu kwa kula kazi za watu. Hasira naielewa, ila moto haukurudisha kazi. Kaunti za Kericho na Bomet, basari zenu zilipie pia mitihani kama hii, hata kwa sisi tulioacha chuo. Kila siku mnatuambia tujiajiri. Sawa, basi tupeni pa kuanzia.