Msitu Usiwe wa Kukimbilia Tu

Baba wa kwetu Kashebere, kati ya Masisi na Walikale huku Kongo, akionekana njiani na mtoto mdogo, hana panga, hana jembe wala mzigo, watu humuuliza kumetokea nini. Nimeulizwa sana. Mimi huwajibu kwamba tunatembea tu, na ninaamini kutembea huko ni deni ambalo watoto wetu wanatudai, hasa miaka hii.

Watoto wa huku wanaujua msitu. Wanaujua kwa kuni na kwa bidoni la maji, na wanaujua kwa usiku wa kukimbia. Vita vilipofika Masisi-centre mwezi wa kwanza mwaka 2025, kisha Walikale-centre mwezi wa tatu, familia nyingi za maeneo haya ziliingia porini na watoto mgongoni. Mtoto aliyelazwa chini ya majani, amezibwa mdomo asilie, ukimtajia msitu kesho atakumbuka nini? Binti yangu ana miaka mitano. Kila tulipoikaribia miti alikuwa akikibana kidole changu na kuuliza, "Papa, wamefika?"

Basi nikaanza kumtoa asubuhi, siku ambazo njia ni tulivu, bila kumtuma chochote. Upande wa Masisi vilima vingi viligeuzwa malisho ya ng'ombe tangu zamani. Ukielekea Walikale msitu bado upo, na huko ndiko tunakoelekea. Nilimwonyesha matungulu, yale matunda mekundu yanayochomoza kwenye udongo chini ya shina, akayapasua na kukunja uso kwa uchachu, kisha akaomba mengine. Siku nyingine tulimkuta kinyonga. Wengi kwetu humwogopa kinyonga, na yeye alijificha nyuma ya mguu wangu. Tukachuchumaa. Jicho moja la mnyama lilitutazama sisi, la pili likamfuata nzi, na ulimi ulipofyatuka binti yangu alipiga kelele ya furaha hadi ndege wakaruka. Akataka kujua kama kinyonga anakula bugali. Nikamwambia, "Hapana, mama, yeye hula wadudu." Akasikitika kwa niaba yake.

Kasuku wakipita juu kwa miluzi yao, mimi humwambia binti yangu atazame mkia mwekundu. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg na kukubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya ndege hawa wanaokamatwa mwituni, lakini bado wananaswa. Nataka awajue wakiwa angani kabla hajamwona mmoja ndani ya kizimba. Na ngagi wa misitu yetu hapatikani katika nchi nyingine yoyote ila Kongo hii. Wageni wamekuwa wakivuka bahari kuja kumtazama katika hifadhi ya Kahuzi-Biega, huku watoto wetu wakikua bila kuambiwa kwamba ni jirani yao.

Wazee wa Wanyanga wa Walikale walijua kwamba wanyama ni jirani zetu. Katika utendi wao wa Mwindo, uliochapishwa mwaka 1969, shujaa huyo anachukuliwa na Nkuba, bwana wa radi, hadi mbinguni, na huko anakatazwa kuua mnyama wa msituni au wa kijijini, hata mdudu mdogo. Hadithi hiyo watoto walisimuliwa jioni. Ni nani anayeisimulia sasa, ikiwa jioni tunasikiliza risasi zinatokea upande gani?

Wapo watakaosema njaa haingoji matembezi. Ni kweli, nami nina shamba la mihogo linalonisubiri. Ila mtoto hahitaji siku nzima. Hatari nayo ni ya kweli: kabla ya kutoka mimi huwauliza akina mama waliotoka shambani njia ikoje, na binti yangu ameshajua kwamba chuma chochote kilicho chini hakiguswi, hata kiking'aa vipi.

Nawaomba baba wenzangu wasiwaachie mama peke yao kazi hii. Nawaomba walimu wa madarasa ya kwanza wawatoe watoto nje, wawafundishe majina ya miti na ndege kwa Kihunde, Kinyanga na Kitembo, maana wazee wanaoyajua bado wapo nasi. Na wote wanaoshika silaha, wa kila upande, waondoe bariyeri zao kwenye vijia vya mtoni na mashambani, ambako hata mwanamke mwenye mzigo wa kuni hutozwa pesa ili apite na mtoto wake.