Uso Mmoja Wenye Jina



Picha ya Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said wa Zanzibar, imeonwa na wengi: mwanamke katika mavazi ya Kiarabu, ushungi kichwani, uso wazi. Alizaliwa mwaka 1844, na huko kwao mwanamke wa cheo chake hakutembea bila barakoa. Picha ilipigwa Hamburg, baada ya yeye kukimbia mwaka 1866, kubatizwa Aden kwa jina la Emily mwaka 1867, na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete. Kila siku alivaa Kizungu. Mavazi ya kwao aliyavaa mbele ya mpiga picha.

Wengi husifu uzuri wake. Mimi, mtu wa Maniema, huwaza pia wasiopigwa picha. Miaka ile ile misafara ya pembe na watumwa ilipita Kabambare, ikienda na kutoka Kasongo. Mwaka 1871 Livingstone alishuhudia watu wa misafara wakiwapiga risasi wachuuzi katika soko la Nyangwe, karibu nasi hapa. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake. Hakuna hata mmoja ambaye uso wake tunao.

Mama yake Salme mwenyewe, Jilfidan, alitekwa akiwa mtoto katika nchi ya Wacherkesi, akauzwa, akafikishwa nyumbani mwa Sultani. Binti alilijua hilo na kuliandika. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1886 aliutetea utumwa wa Mashariki. Simdharau: alijifundisha kuandika kwa siri, na mwaka 1870 alibaki mjane ugenini na watoto watatu. Lakini hapo nakataa kumfuata. Alikuwa Mkristo, alikuwa binti wa mtumwa, na bado hakuona.

Wala tusimcheke. Katika nyumba zetu wako wanaojivunia babu aliyekuja na msafara, ila nyanya aliyeletwa kwa kamba hatajwi. Msichana mmoja wa kikundi chetu aliniuliza kwa nini nyanya wa nyanya yake huitwa tu “yule wa ng’ambo ya mto”. Sikuwa na jibu. Tukaenda kwa mzee wa ukoo wao. Akahesabu majina vizuri, kizazi kwa kizazi, wanaume na wake zao. Alipomfikia huyo akanyamaza, kisha akaomba tumpe siku mbili, akamuulize dada yake.