USINGIZI WA KARANI NA MAUMIVU YA MACHO

Wanachama wenzetu, yako malalamiko tunayoyasikia katika afisi nyingi hapa Tabora, tangu stesheni ya reli hata mahakamani, nayo ni haya: macho yanauma, kichwa kinagonga, na kazi ya asubuhi haiendi. Mwenye maumivu husema, "Ni jua hili," au, "Ni homa." Kisha hutuma vidonge dukani, akavimeza, akarudi kitini pake. Jambo hili limekuwa la desturi hata watu hawaulizi tena sababu yake. Sisi twauliza.

Madaktari hutufundisha ya kuwa mtu mzima ahitaji kulala muda wa saa 7 au zaidi kila usiku. Akipunguza usingizi siku nyingi mfululizo, mwili huweka hesabu yake kama daftari la madeni, na siku ya kudai haikosi kufika. Jicho lililokesha huwa kavu, likawasha kana kwamba limeingiwa na mchanga. Tena mtu akazapo macho katika safu za tarakimu au katika kioo cha kompyuta hupepesa mara chache kuliko anapozungumza na mwenziwe, basi machozi hukauka upesi, na misuli ya jicho huchoka kwa kutazama karibu mno. Kichwa nacho hakisalimiki. Ukosefu wa usingizi ni mojawapo ya mambo yaletayo yale maumivu yanayobana paji na kisogo kama kamba, na kwa mwenye ugonjwa wa kipandauso humwamshia ugonjwa wake. Usiku ukifika, maumivu hayo hayo humzuia asilale, na kesho huwa mbaya kuliko jana.

Wako wadhanio ya kuwa vidonge vitalipa deni hili. Havilipi. Amezaye dawa za kawaida za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi katika kila mwezi, kwa miezi mitatu na zaidi, huweza kupatwa na maumivu ya kichwa yatokayo katika dawa yenyewe.

Basi ni nani amnyang'anyaye karani usingizi? Tuseme kweli, sehemu nyingine twajinyang'anya wenyewe kwa soga za usiku na kwa simu tunazolala nazo mkononi. Wako na wenzetu wanaosoma usiku kwa ajili ya mitihani, nao twawasifu. Lakini sehemu kubwa hutoka afisini. Taarifa inayotakiwa asubuhi huagizwa saa 9 alasiri watu wakifunga madaftari. Mwaka wa fedha wa Serikali hufungwa tarehe 30 Juni, na jambo hilo lajulikana tangu Julai iliyotangulia. Hata hivyo kila mwaka Juni hutujia kama mgeni asiyetazamiwa, na makarani hukesha majuma mazima.

Hapa Unyanyembe tunayo historia ya kutufunza. Tabora palikuwa njia panda ya misafara: njia ya Bagamoyo iliingia hapa, na kutoka hapa watu walishika njia ya Ujiji, au ile ya kaskazini kwenda Karagwe. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, nazo ni kama kilo 32, akavuka pori na mlima kwa muda wa miezi. Walakini hakutembea ovyo. Msafara uliondoka alfajiri, na kabla jua la mchana halijakaza mizigo ilikuwa imetuliwa, watu wakapika, wakapumzika. Palipokuwa na nchi isiyo na maji, kama Marenga Mkali au Mgunda Mkali, hapo ndipo walipopiga tirikeza, yaani mwendo wa alasiri juu ya ule wa asubuhi, kwa kuwa kukaa kulikuwa kufa kwa kiu. Tirikeza ilikuwa ya shida, na kila mtu aliijua sababu yake. Mkuu wa msafara aliyewaharakisha watu kupita kiasi aliamka akakuta mizigo chini na wapagazi wametoroka.

Sisi wajukuu wao twapigishwa tirikeza kila siku, na maji yapo.

Tusemayo hapa hayapingani na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kazi za kawaida kwa juma, na zisizidi 9 kwa siku. Afanyaye kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60. Na kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, kwa kawaida, zipite saa 12. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi yaitwa kazi ya usiku, nayo ina nyongeza yake ya malipo. Mwaka 1922 Bwana Martin Kayamba na wenziwe walipoasisi Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, walijua ya kuwa mtumishi mmoja akisema peke yake huitwa mvivu, na wengi wakisema pamoja husikilizwa.

Lakini asitoke msomaji akidhani kila maumivu ya macho ni usingizi. Speke alipofika ziwa Tanganyika mwaka 1858, akitoka hapa Tabora, hakuweza kuliona vema kwa ugonjwa wa macho. Yale hayakuwa maradhi ya kulala tu yakapona. Mwenye homa na apimwe malaria kabla ya kumeza dawa. Aliyekaribia miaka 40, naye aona herufi zikififia karibu, huenda ahitaji miwani. Na jicho jekundu lenye maumivu makali na kuona ukungu, au kichwa kilichouma ghafula kuliko siku zote, au kichwa pamoja na shingo ngumu, ni mambo ya kwenda Kitete saa ile ile, wala si ya kungoja mshahara.

Basi twashauri mambo matatu. Kwanza, kila mmoja ajiwekee saa ya kulala, aiheshimu kama saa ya kuingia kazini, na awapo mezani atazame mbali kila dakika 20 ili kupumzisha macho. Pili, kila tawi liandike kwa muda wa mwezi mmoja saa za kazi za usiku zinazofanywa na wanachama, pamoja na sababu yake. Tatu, maandishi hayo yapelekwe kwa wakuu wa afisi kwa adabu na kwa hesabu, tukiomba kazi ya Juni ianze kugawanywa tangu Aprili.

Mkuu mwenye busara hatakasirika, kwa maana karani asiyelala huandika 6 mahali pa 9, na kosa hilo humgharimu mwananchi asiye na hatia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.